Pesa ni Sehemu, Hela ni Desimali

Najua kimya changu kimezidi, lakini UE zikishakukaba koo hata kuandika humu unaona ni anasa. Sasa zimeisha, kilichobaki ni kusubiri matokeo na kumuomba Mungu tusisapu.

Leo naandika kwa ajili ya washkaji wanaojiandaa na GRE. Kwa wasioujua, huu ni mtihani wa Wamarekani, unatungwa na taasisi inayoitwa ETS, na baadhi ya vyuo vya huko bado vinautaka kwa mtu anayeomba kusoma shahada ya pili au ya udaktari. Ada yake ni zaidi ya dola 200. Kwa mtu anayeishi kwa bumu, hiyo si hela ya kujaribia bahati. Na wengi wetu tunaoutaka ni watu wa sanaa, hesabu tuliagana nayo Form Four, tena tuliagana vibaya.

Ukikaa nao ukawaangalia wanavyopiga msuli, utagundua kitu. Kinachowatoa jasho si mambo ya ajabu. Ni tarakimu, sehemu na desimali, yaani mambo ya shule ya msingi. Tangu Septemba 2023 hesabu za GRE ni maswali 27 kwa dakika 47, ambayo ni kama dakika moja na sekunde 44 kwa swali. Kalkuleta ipo kwenye kompyuta, iliruhusiwa mwaka 2011, lakini ni ya kawaida kabisa na haijui sehemu. Ukiiambia 1 gawanya kwa 3 inakumwagia 0.3333333 na kukuachia mwenyewe. Wanaofanya GMAT, ule wa shule za biashara, ndiyo kabisa: kwenye hesabu zake hakuna kalkuleta.

Basi swali ninaloulizwa kila siku ni hili: kwa nini kitu kimoja kiandikwe namna tatu? 1/8, 0.125, 12.5%. Si wangechagua moja tukapumzika?

Mimi si mtu wa hesabu, mimi ni mtu wa historia. Lakini swali hilo ni la historia kuliko la hesabu. Jibu langu ni kwamba sehemu na desimali ni lugha mbili zilizozaliwa mahali tofauti, kwa shida tofauti, na hakuna iliyowahi kuiua mwenzake kwa sababu kila moja inaweza jambo ambalo nyingine haiwezi. Tena sisi Waswahili tunazo zote mbili mdomoni bila kujua. Mkinivumilia nitawaonyesha.

Tuanzie hapa hapa Afrika. Pale British Museum, London, kuna karatasi ya mafunjo iliyonunuliwa na Mskochi mmoja aitwaye Alexander Henry Rhind huko Luxor, Misri, mwaka 1858. Iliandikwa na karani aliyejiita Ahmes karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, na mwenyewe anasema alikuwa ananakili maandishi ya zamani zaidi. Ndani yake kuna hesabu za kugawa mikate kwa watu kumi. Mikate sita, watu kumi, kila mtu apate ngapi?

Sisi tungesema 6/10, au 0.6, halafu tukatulia. Ahmes hakuwa na namna ya kuandika 6/10. Wamisri, ukiacha 2/3 waliyoipa alama yake, walitumia sehemu zenye moja tu juu: 1/2, 1/3, 1/10. Kwa hiyo jibu lake ni 1/2 na 1/10. Unaweza ukacheka, ukasema mzee huyu kajitesa bure. Lakini hebu shika kisu. Ile 0.6 haikuambii ukate vipi. Jibu la Ahmes linakuambia: chukua mikate mitano, ikate nusu nusu, unapata vipande kumi. Mkate wa sita ukate mara kumi. Kila mtu anaondoka na nusu na kipande kidogo, vinavyolingana na vya jirani yake, hakuna wa kulalamika. Sehemu ilizaliwa pale watu wanapogawana kitu na kila mmoja anatazama mkono wa mwenzake.

Wababeli kule Mesopotamia walikwenda njia nyingine. Wao walihesabu kwa 60. Kwa nini 60? Sababu kamili tunaweza kubishana mpaka asubuhi, ila faida yake iko wazi: 60 inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5, kwa 6, kwa 10, kwa 12. Wao ndio walioonyesha kwamba unaweza kuandika sehemu kwa kuendeleza zile zile nafasi za tarakimu kwenda upande wa pili, bila kuweka namba juu ya namba. Theluthi kwao ilikuwa 20, maana yake 20 ya 60. Imeisha hapo, hakuna kujirudia. Mpaka leo uko nao mkononi: saa ina dakika 60, na ndiyo maana unaweza kusema saa mbili na robo, saa mbili na nusu, saa tatu kasorobo, na zote zinaangukia dakika kamili.

Tarakimu tunazotumia sisi zilitoka India. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kitabu chenye kanuni za kuhesabu na sifuri, kwamba ukiijumlisha na namba haibadiliki, ukiizidisha unapata sifuri, na kadhalika. Wahindi waliiita kwa neno lenye maana ya utupu, Waarabu wakalitafsiri sifr, na sisi tukapata sifuri. Ndiyo maana naona ajabu mtu wa Pwani akisema namba ni vitu vya Wazungu. Sita, saba na tisa tumezitoa kwa Waarabu, ishirini na thelathini pia, na laki imetoka India. Ni bahari ile ile ya dau na pepo za kaskazi na kusi. Wazungu nao walipokea kutoka kwa hao hao, tena kwa kuchelewa.

Baghdad, karibu mwaka 825, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika juu ya hesabu za Kihindi, na kwa jina lake ndiyo tukapata lile neno algorithimu ambalo watu wa kompyuta wanatutambia nalo. Yeye huyo ndiye mwandishi wa kitabu kilichoipa aljebra jina lake. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho cha aljebra inahusu nini? Mirathi.

Hapa ndipo nataka mtulie kidogo. Sheria ya mirathi ya Kiislamu inataja mafungu: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Chukua mfano rahisi. Mzee amefariki, ameacha mke, mama yake mzazi na mtoto mmoja wa kiume. Mke anapata 1/8, mama anapata 1/6, mtoto anachukua kinachobaki. Tafuta kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6, ni 24. Mke 3/24, mama 4/24, jumla 7/24, mtoto 17/24. Kama mali ina thamani ya shilingi milioni 24, basi ni milioni 3, milioni 4 na milioni 17. Imekwisha, wote wamelala usingizi.

Sasa fanya kwa desimali. 1/8 ni 0.125, sawa. 1/6 ni 0.1666 isiyo na mwisho. Utasema tuikadirie iwe 0.17. Milioni 24 mara 0.17 ni milioni 4 na elfu 80. Ile elfu 80 umeitoa wapi? Umeitoa kwenye fungu la mtoto. Watu wameacha kusalimiana kwa chini ya hapo. Kwa hiyo mwalimu aliyekuwa anakukatalia kugeuza sehemu kuwa desimali katikati ya hesabu hakuwa na roho mbaya. Desimali iliyokatwa inaiba kidogo kidogo.

Na ule mstari mdogo tunaochora kati ya kiasi na asili, wanahistoria wanauhusisha na wanahesabu wa Afrika Kaskazini. Al-Hassar, aliyeishi Morocco karne ya 12, anautumia. Mwitaliano Leonardo wa Pisa, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Fibonacci, alifundishwa tarakimu za Kihindi akiwa kijana huko Bejaia, Algeria ya leo, ambako baba yake alikuwa anashughulikia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa. Mwaka 1202 akaandika kitabu chake, Liber Abaci, na Ulaya ikaanza kujifunza. Kwa hiyo ukiandika 3/4 kwenye karatasi, unachora kitu kilichopitia Afrika kabla ya kufika Roma.

Sasa desimali ilitoka wapi? Kumbukeni tarakimu za Kihindi tayari zinapanda kwa kumi: moja, kumi, mia, elfu. Ilikuwa ni suala la mtu kujiuliza, kama kushoto tunapanda kwa kumi, kwa nini kulia tusishuke kwa kumi? Damascus, karibu mwaka 952, al-Uqlidisi alifanya hivyo. Aligawa namba kwa 2 mara kwa mara na kuweka alama ndogo kuonyesha mahali pa moja. Samarkand, mwaka 1427, al-Kashi alimaliza kitabu chake Miftah al-Hisab, yaani Ufunguo wa Hesabu, na humo desimali zinaelezwa kwa mpango kamili. Huyu alikuwa mtu wa nyota, na watu wa nyota hawagawani mikate. Wanapima, na kupima hakuna mwisho, kila siku unataka kusogea karibu zaidi na ukweli. Al-Kashi alikuwa ameshaipata pai hadi nafasi 16 baada ya nukta.

Ulaya jambo hili lilienea kwa mkono wa Simon Stevin. Mwaka 1585 huko Leiden alichapisha kijitabu chembamba kwa Kidachi, De Thiende, unaweza kukiita Fungu la Kumi. Ninachompendea Stevin ni watu aliowaandikia. Hakuwaandikia maprofesa. Aliwataja wapima nyota, wapima ardhi, wapima vitambaa, wapima mapipa ya mvinyo, watengeneza sarafu na wafanyabiashara wote. Aliwaambia, kwa maneno yangu mimi: hizi sehemu zinawapotezea muda, mnaweza kufanya hesabu zenu zote kwa namba nzima tu. Na mwishoni akashauri serikali zigawe fedha na vipimo kwa kumi kumi.

Stevin hakuwa na nukta. Aliandika namba kwenye duara baada ya kila tarakimu kuonyesha iko nafasi ya ngapi: duara la sifuri kwa mamoja, la moja kwa sehemu za kumi, la mbili kwa sehemu za mia. Inachosha macho, lakini ina somo ambalo nukta imetuficha. Chukua 0.3 mara 0.3. Nusu ya darasa itasema 0.9. Kwa Stevin huwezi kukosea: 3 yenye duara la 1, mara 3 yenye duara la 1, ni 9, na maduara unayajumlisha, 1 na 1 ni 2. Jibu ni 9 yenye duara la 2, yaani 0.09. Sehemu ya kumi ya sehemu ya kumi ni sehemu ya mia. GRE inapenda sana mtego huu, hasa kwenye yale maswali ya kulinganisha Kiasi A na Kiasi B, kwa sababu wanajua umezoea kwamba kuzidisha kunakuza. Ukizidisha kwa kitu kilicho chini ya moja, unapunguza.

Ushauri wa Stevin kuhusu fedha ulikaa muda mrefu kabla serikali nyingi hazijausikia. Marekani ilipitisha sheria ya sarafu mwaka 1792, dola ikawa senti 100. Ufaransa ilifuata mwaka 1795, pamoja na mita na gramu. Wengine walikaza shingo. India iliendelea na rupia ya anna 16 mpaka mwaka 1957, na Waingereza wenyewe walibaki na shilingi ya peni 12 na pauni ya shilingi 20 mpaka tarehe 15 Februari 1971.

Na hapa ndipo tunarudi nyumbani, kwenye kichwa cha habari.

Rupia ilipokuwa inatumika Pwani yetu, ilikuwa inagawanywa kwa 64. Kile kipande cha moja ya 64, Wahindi walikiita paisa, nasi tukakiita pesa. Wajerumani walipoanza kutengeneza sarafu zao za Afrika Mashariki mwaka 1890, waliandika neno hilo hilo, pesa, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Kwa nini 64? Jaribu mwenyewe: nusu ni 32, robo ni 16, thumni ni 8, na unaweza kuendelea kukata nusu mpaka ubaki na moja, bila kukutana na mkia hata siku moja. Ni fedha ya mtu anayegawa kwa jicho na mkono, kama vile vibaba vinne vinavyofanya pishi moja, na kibaba nacho kina nusu yake.

Mwaka 1904 Wajerumani wakaamua kwenda na wakati. Rupia ikawa na heller 100. Watu wa hapa wakalichukua lile neno heller wakaliita hela. Mnaona sasa? Maneno mawili tunayoyatumia kila siku, tena kwa maana moja, ni kumbukumbu ya mifumo miwili ya hesabu. Pesa ni moja ya 64. Hela ni 0.01. Unapomwambia mshikaji "sina pesa, nikopeshe hela", umeomba kwa desimali ulichokikosa kwa sehemu, teh teh.

Tena mageuzi hayo hayakumaliza sehemu. Thumni ya rupia ya pesa 64 ni pesa 8 kamili. Thumni ya rupia ya hela 100 ni hela 12 na nusu. Tayari mkia umeota. Kule kwa Waingereza nako rupia iliingizwa kwenye senti 100, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Angalieni kichekesho cha historia: mkoloni alituwekea sisi shilingi ya desimali miaka 50 kabla hajajiwekea mwenyewe kwao.

Lakini wazee wetu hawakukubali kirahisi. Sarafu ya senti 50 waliiita sumni, yaani thumni, moja ya nane. Nane ya nini, wakati senti 50 ni nusu ya shilingi? Nane ya riale. Riale moja ilihesabiwa rupia mbili, na rupia ilibadilishwa kwa shilingi mbili, hivyo riale ni shilingi nne, na moja ya nane ya shilingi nne ni senti 50. Serikali ilibadilisha fedha, mdomo ukabaki na sehemu. Siku hizi senti zenyewe hazionekani tena, ila ukimuuliza bibi atakuambia.

Na msidhani ni sisi tu. Soko la hisa la New York, pale penye kompyuta zote za dunia, lilikuwa linataja bei kwa sehemu za nane za dola mpaka mwaka 1997, na desimali zikashika masoko yote ya hisa ya Marekani mwaka 2001. Asili ya mazoea hayo inahusishwa na dola ya fedha ya Kihispania, iliyokuwa na sehemu nane, na ambayo ni ndugu wa riale zilizokuwa zinafika bandari zetu. Thumni ya bibi na bei za hisa za Wamarekani ni ukoo mmoja.

Haya, historia imetufikisha kwenye kanuni mbili ambazo mkizishika mtaokota maswali ya GRE kama maembe yaliyoanguka.

Ya kwanza ni sehemu ipi inaisha ikigeuzwa desimali, na ipi inajirudia milele. Kumi ni 2 mara 5, basi. Kwa hiyo rahisisha sehemu yako kwanza, kisha itazame asili yake. Ikiwa imeundwa na 2 na 5 tu, desimali inaisha. Ikiwa ndani yake kuna namba tasa nyingine yoyote, 3, 7, 11, haiishi. 3/40 inaisha, ni 0.075, maana 40 ni 2 mara 2 mara 2 mara 5. 7/12 haiishi, kwa sababu ya ile 3 iliyojificha ndani ya 12. Lakini 9/12 inaisha! Kwa nini? Kwa sababu ni 3/4. Ndiyo maana nimesema rahisisha kwanza. Wababeli kwenye 60 yao walikuwa na 3 ndani, theluthi yao ikawa inaisha. Kosa si la theluthi, ni la vidole vyetu kumi.

Ya pili ni ile desimali inayojirudia. Gawa 1 kwa 7. Kila hatua unapata baki, na baki haiwezi kuzidi 6. Zikishatokea baki zote sita, lazima moja irudi, na ikirudi kila kitu kinarudi. Ndiyo unapata 0.142857142857. Sasa wakikuuliza tarakimu ya 100 baada ya nukta ni ipi, usianze kuandika tarakimu 100, utazeeka pale. Mzunguko una tarakimu 6. 100 gawanya kwa 6 ni 16, baki 4. Tarakimu ya nne kwenye 142857 ni 8. Umemaliza kwa sekunde ishirini.

Kama bado unaona haya ni michezo ya mtihani, sikia hii. Kompyuta haihesabu kwa kumi, inahesabu kwa mbili. Kwenye mbili hakuna 5 ndani, kwa hiyo 0.1, ambayo kwetu ni kitu kidogo safi, kwa kompyuta haiishi, kama theluthi kwetu. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita ya Ghuba, mtambo wa makombora ya Patriot wa Wamarekani ulikuwa Dhahran, Saudi Arabia. Saa yake ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, na ile moja ya kumi ilikuwa imekatwa mkia ili itoshee kwenye kumbukumbu ya mashine. Kosa lenyewe ni dogo kuliko chembe. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo, na chembe zikajumlishana zikafika kama theluthi ya sekunde. Kombora la Scud linakwenda zaidi ya nusu kilomita kwa muda huo. Mtambo ukalitafuta mahali ambapo halipo. Wanajeshi 28 walikufa kambini. Ile elfu 80 ya mirathi na kombora lile ni kosa la aina moja, la kukata kitu kisicho na mwisho na kukichukulia kana kwamba kimeisha.

Na mitihani hii yenyewe nayo ina historia fupi. SAT ya kwanza ilifanywa Marekani tarehe 23 Juni 1926. GRE ilianza kujaribiwa mwaka 1937 kwenye vyuo vinne, Harvard, Yale, Princeton na Columbia, na ETS ikaundwa mwaka 1947. Ni vitu vya juzi juzi ukilinganisha na Ahmes na mikate yake. Naona mtu akiitazama karatasi yake ya matokeo kama hukumu ya akili yake, na ninasikitika. Al-Kashi asingeijua nusu ya maneno ya Kiingereza yaliyomo kwenye mtihani ule. Unapimwa kama unaweza kuhama haraka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na kuhama lugha, mtoto wa Kitanzania anafanya tangu akiwa chekechea.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaokesha ni huu. Kariri ukoo wa thumni: 1/8 ni 0.125, 3/8 ni 0.375, 5/8 ni 0.625, 7/8 ni 0.875. Wakikuuliza 12.5% ya 3,200, usishike kalkuleta, igeuze kuwa moja ya nane, jibu ni 400. Wakikuuliza 0.375 mara 64, fikiria rupia ya zamani: thumni tatu, pesa 24. Ukigawa, ukizidisha na kurahisisha, baki kwenye sehemu. Ukilinganisha vitu vingi kwa mkupuo au ukisoma grafu, nenda kwenye desimali. Ukilinganisha sehemu mbili tu, zidisha kwa mshazari: 5/7 na 7/10, 5 mara 10 ni 50, 7 mara 7 ni 49, basi 5/7 ni kubwa. Na kwenye maswali ya kuandika jibu mwenyewe, wakikupa visanduku vya sehemu, huhitaji kurahisisha. 6/10 na 3/5 zote zinakubaliwa.

Nawaachia moja ya kwenda nayo kafeteria: kati ya 7/16 na 4/9, ipi kubwa? Bila kalkuleta jamani. Atakayepata namnunulia chai, na chapati tutaikata kwa kanuni ya Ahmes.

Tuko pamoja. Wa mtihani wa mwezi ujao, Mungu awatangulie.